Mbio za Walii

Schaerbeek, Jumapili 6 Aprili 1997

Daktari ameniambia niwe naandika kila nikitoka kutembea, hata mstari mmoja. Nilikwenda kwake kulalamikia kifua, nimerudi na kazi ya shule kama mtoto wa darasa la pili. Haya, naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilisomea Ujiji kwa babu yangu kabla ya kurudi Bujumbura, na pia kwa sababu Kifaransa changu hapa Ubelgiji kinatosha kusukumia vitanda vya wagonjwa, hakitoshi kuelezea hofu.

Hofu yenyewe ni hii. Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya lifti ya hospitali huko Jette, ninakofanya kazi, nampeleka bibi mmoja kupigwa picha ya nyonga. Milango ikafungwa. Mara moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, jasho likanitoka, pumzi ikagoma kabisa kuingia. Nikajua nakufa. Yule bibi, na nyonga yake iliyovunjika, ndiye aliyejinyoosha akabonyeza kengele, kisha akanishika mkono mpaka watu walipokuja. Tangu siku hiyo imenikuta kwenye tramu, imenikuta dukani, imenikuta hata msikitini nikiwa katikati ya safu. Moyo wamenipima kwa kila mashine, hauna kitu. Daktari wetu wa mtaani, mama mpole asiye na haraka, akaniambia: "Bwana Hamadi, moyo wako hauumwi. Unaogopa." Nilikasirika. Mimi niogope? Mimi niliyetoka Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, wakati wa mauaji ya mwaka wa tisini na tano, nimelala chini ya turubai nyuma ya lori, pamoja na mke, binti na shemeji, na sikutetemeka hata ukucha? Akasema ndiyo, wakati ule sikuwa na nafasi ya kutetemeka, sasa nimeipata.

Dawa amenipa kidogo, ya siku mbaya tu. Dawa kubwa ni kutembea kila siku kwa nguvu, kiasi cha kuweza kuongea lakini nisiweze kuimba. Nikamwambia kuimba siwezi hata nikiwa nimekaa. Alicheka sana.

Nimekubali kwa sababu ya Amira. Binti yangu huyu wa pekee anaolewa Agosti na Jamal, kijana wa watu wa kwetu wanaokaa Evere, na mimi baba yake ndiye walii. Nitakaa chini mbele ya umati, nimshike kijana mkono, nitamke maneno ya kumwoza. Bila maneno hayo hakuna ndoa. Sasa lifti yenye bibi mmoja imenishinda, ukumbi uliojaa watu utakuwaje? Hilo ndilo ninaloamka nalo kila asubuhi.

Jumanne 8 Aprili

Nimefika kwenye geti la bustani ya Josaphat, mvua ya mawe ikanipiga, nikarudi.

Alhamisi 10 Aprili

Nimezunguka bustani. Bata wa bwawani wamenitazama kama mtu aliyepoteza kitu.

Jumamosi 12 Aprili

Riziki amekwenda kwa Waturuki akaninunulia viatu vya raba, vyeupe pe. Mke wangu haamini mambo ya daktari. Kwake mtu mzima anatembea akiwa na mahali pa kwenda. Lakini amevileta na kuvifunga kamba mwenyewe. "Baba Amira," akasema, "kama unaenda kujiaibisha, alors, jiaibishe na viatu vizuri." Mungu amlipe. Visigino haviniumi tena.

Jumatatu 21 Aprili

Leo nimegundua jambo kazini nikaona haya. Tangu siku ya lifti nimekuwa nikijifanya nina mashuka ya kupanga kila kitanda kinapotakiwa kupanda juu. Nilidhani hakuna anayeona. Kumbe kuna Mwenze, mtu wa Lubumbashi, pande la mtu, Mkristo wa kuimba kwaya, ambaye wiki zote hizi amekuwa akichukua vitanda vyangu juu ya vile vyake. Hakusema kitu kwa mkubwa wetu, hakusema kitu kwangu. Leo nimemfuata kwenye chumba cha nguo, nikamweleza yote: lifti, daktari, harusi. Alisikiliza huku anakula tofaa.

"Papa Hamadi," akasema, "mi nilichezaka ballon, mupira, kule kwetu, ninajua mambo ya pumuzi. Samedi ninakuya na weye ku parc. Tunatembea kidogo, tunakimbia kidogo, tunatembea tena. Haina mambo mingi, bon?"

Jumamosi 26 Aprili

Haina mambo mingi! Mwenze amekuja na bukta inayofika magotini na kaptula nyingine juu yake, sijui kwa nini. Bustani ile ina mteremko mrefu, na yeye akataka tuupande mbio. Sijakimbia tangu nilipokuwa kijana, ukiacha siku zile ambazo kila mtu alikimbia. Nikapanda. Kabla ya kufika juu moyo ukalipuka. Ndiyo ile ile ya kwenye lifti: kifua kinapiga, masikio yanavuma, pumzi fupi. Nikashika benchi nikamwambia Mwenze, imenijia, nakufa, mpigie Riziki.

Hakunikalisha. Alinishika kiwiko akanitembeza.

"Moyo inapiga, hein? Bon, acha ipige. Umepanda mulima, utaka ifanye nini, isinzie? Tembea tu. Usikae. Angalia vile itarudia pa fasi yake."

Nikatembea huku nalia, siandiki uongo. Tukapita kwenye maua, tukapita kwa mzee mmoja na mbwa wake. Polepole moyo ukapungua, ukapungua, mpaka ukawa moyo wa kawaida wa mtu aliyesimama juu ya kilima asubuhi. Sikufa. Nilikaa kwenye nyasi mbichi nikawaza: kumbe mapigo ni yale yale. Kwenye lifti yananijia bila kilima, ndiyo maana nayaogopa. Hapa nimeyaita mwenyewe, yamekuja, yameondoka. Nimemshukuru Mwenze mpaka akaona aibu.

Jumapili 4 Mei

Miguu yote inauma. Riziki amenikanda kwa mafuta ya nazi huku akinisimanga.

Jumatano 14 Mei

Nimelala usiku mzima bila kuamka. Nilidhani saa imeharibika.

Jumanne 20 Mei

Siku mbaya. Nilikuwa najiona nimepona, nikapanda tramu ya chini ya ardhi badala ya kutembea hadi kituo cha basi. Baada ya Gare du Nord ikasimama kidogo handakini kungoja zamu yake, na mimi nikaanza. Nilishuka kituo kilichofuata, nikarudi nyumbani kwa miguu, kazini sikwenda. Nimemfokea Riziki kwa sababu ya chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa sawa.

Daktari anasema si kurudi nyuma. Anasema hofu haitoki kama jino. Inazoezwa, na mwili unataka kuambiwa kila siku, si siku moja moja unapojisikia. Niendelee.

Jumapili 8 Juni

Juni yote ni maji. Bustani imekuwa shamba la mpunga. Nakimbia na koti la mvua, na watu wananipisha.

Leo amekuja Mudathir, kaka yake Riziki, anayeuza vitambaa mtaa wa Brabant. Mudathir ni mtu wa kunyoosha: kanzu imenyooka, ndevu zimenyooka, hata maneno yake yamepigwa pasi. Tangu tufike Ubelgiji sijamwona akishtuka wala kupandisha sauti, na kusema kweli hilo limekuwa likinikera, maana sote tulikuwa ndani ya lori moja. Alikunywa chai, akaulizia harusi, kisha akanisogelea.

"Shemeji, watu wanasema hauko vizuri. Sheria inaruhusu, donc, walii anaweza kumuweka mwingine asimame pa nafasi yake. Mimi ni mjomba wa mutoto. Ninakuwakilisha, wewe unakaa pembeni, unakula pilau, bila fatigue."

Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba moyo wangu ulirukia pale pale kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kukaa pembeni! Hakuna mkono wa kushika, hakuna macho ya watu. Na hapo hapo nikajichukia, kwa sababu Amira alikuwa jikoni na najua alisikia. Aliendelea kusuuza vikombe vilivyokuwa vimeshakuwa safi.

Jumatatu 9 Juni

Nimekimbia mvuani kwa hasira. Hasira nayo inakwisha ukifika juu. Sikujua.

Jumatano 18 Juni

Tumepanda mteremko bila kusimama. Mwenze ameimba wimbo wa kanisa juu ya kilima kwa sauti ya kutisha. Daktari alisema nisiweze kuimba, hakusema kitu kuhusu Mwenze.

Ijumaa 27 Juni

Nitaandika kirefu, maana yaliyotokea leo yatasemwa Schaerbeek mpaka Amira apate wajukuu.

Mimi na Mwenze tulikuwa na zamu ya asubuhi, tukaenda bustanini mchana baada ya mimi kuswali. Mvua ilikuwa imekatika. Tulipanda, kisha tukaanza kushuka mteremko kwa kasi, mimi mbele, Mwenze nyuma yangu anaunguruma kama kawaida yake. Nilijisikia mwepesi. Nilinyoosha miguu nikaachia mwili ushuke wenyewe.

Sasa, sikujua kwamba Mudathir na wazee wengine wa Buyenzi walikuwa wanakatiza bustani wakitoka msikitini kwenda kumwona mgonjwa. Wako kando ya bwawa, kanzu zao nyeupe, kofia zao, wanatembea kwa heshima. Wanainua macho. Wanaona nini? Hamadi wa Buyenzi anashuka kilima mbio za kufa, na nyuma yake kuna lijitu kubwa linamfuata.

Mtu wa nchi nyingine angeuliza kuna nini. Sisi hatuulizi. Kwetu, miaka ile, ukiona mtu anakimbia, unakimbia kwanza, habari utaipata mbele kama bado uko hai. Mudathir akakunja kanzu mpaka juu ya magoti, akatimka. Wazee wote wakatimka nyuma yake. Bata wakaruka. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akasogea pembeni akafungua mdomo.

Na mimi? Mimi niliyejua kabisa kwamba nakimbia kwa ajili ya mazoezi? Nilipowaona wazee wa kwetu wanakimbia, damu ikaniganda. Nikasema moyoni, wameona kitu nisichokiona. Nikaongeza mwendo. Wao wakageuka, wakaniona nimeongeza mwendo, nao wakaongeza. Tukawa hivyo, wao wanakimbia kwa sababu yangu, mimi nawafuata kwa sababu yao, na Mwenze nyuma yetu anapiga kelele: "Lakini munakimbia nini? Arrêtez! Banazee, musimame!" Kelele zake ndizo zilizozidi kututia wazimu.

Karibu na geti Mudathir alikanyaga pindo la kanzu akaanguka kifudifudi kwenye tope. Nilimfikia wa kwanza. Alinishika mguu wa suruali kwa mikono yote miwili, uso wake sijawahi kuuona vile, akasema kwa sauti ndogo: "Banaua nani? Hamadi, banaua nani?"

Nikasema hakuna, shemeji. Hakuna anayeuawa. Ni mazoezi.

"Ni nini?"

"Mazoezi. Sport. Daktari ameniagiza."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akafuata wa pili, wakashikana mabega, machozi yanawatoka, na Mwenze naye akajitupa kwenye nyasi anacheka mpaka anakohoa. Hata mimi nilicheka. Mudathir peke yake hakucheka. Alijiinua, goti linavuja damu, kanzu imekuwa rangi ya udongo.

"Mutu muzima na akili yako," akasema. "Unatukimbiza sisi sawa mbuzi, juu ya sport?"

Ikabidi nieleze mbele ya wote: moyo, lifti, tramu, hofu. Sasa mtaa mzima unajua. Nimejificha tangu Machi, na leo nimejianika mwenyewe kando ya bwawa la bata. Nilitegemea nione aibu zaidi kuliko ninavyoiona. Nimechoka tu.

Jumapili 29 Juni

Mudathir amekuja anachechemea. Hakuketi. Akazungumza na Riziki kana kwamba mimi ni kabati.

"Dada, nilisema kwa upole, sasa ninasema wazi. Mutu wa hali hii hawezi kuoza. Akianguka mbele ya wakwe? Jamal ana wazee wake. Watasema tumewapa mutoto wa nyumba gani?"

Riziki alinitazama. Niliona kwamba naye anaogopa, na kwamba angependa mtu amwambie la kufanya. Nilifungua mdomo nikubali. Kweli, nilitaka kukubali, maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

Amira akatoka chumbani. "Tonton," akasema, "mimi nina papa mmoja. Akianguka, tutamuinua, ataendelea. Jamal nimemwambia vile vile, amesema ni sawa. Donc, na wewe useme sawa, halafu unywe chai."

Mudathir hakunywa chai. Mimi nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie nikilia. Miaka ishirini na mbili nimemlisha huyu mtoto, na leo yeye ndiye amenishika kiwiko.

Jumapili 6 Julai

Leo Mwenze yuko kanisani, nimekwenda peke yangu. Kwenye benchi la juu ya kilima amekaa Mudathir. Amevaa kanzu na chini yake viatu vya raba, vipya, vyeusi. Nilitaka kupita. Akaniita.

Tulikaa muda tukitazama mvua inavyokuja kutoka upande wa Evere. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba tangu tisini na tano analala na viatu vyake kando ya mlango, pua zake zimeelekea nje. Mkewe anavirudisha kabatini, yeye anavitoa. Akisikia lori la takataka asubuhi anakuwa ameshavaa kimoja. Hajamwambia mtu.

"Sasa sikia hii," akasema. "Ile vendredi umetukimbiza, nililala. Goti linauma, quoi, nina hasira na wewe, na nililala mpaka asubuhi sawa mutoto. Nilisahau hata viatu. Ni ile mbio?"

Nikamwambia ni ile mbio.

"Na kesho yake haikuwa tena."

"Haiwi ya siku moja, shemeji. Kila siku."

Akafikiri. "Kukimbia sikimbii tena mimi. Nimekimbia vya kutosha."

"Basi tutembee."

Tukatembea, yeye na goti lake. Miaka miwili nimemwonea wivu mtu huyu kwa kunyooka kwake, kumbe kila usiku amekuwa akingoja lori. Nimemwomba radhi moyoni. Harusi hakuigusa kabisa, na mimi sikuiuliza.

Alhamisi 10 Julai

Mudathir amekuja. Amelalamikia mwendo, mbwa, tope na Mwenze. Ameuliza kesho ni saa ngapi.

Jumatano 16 Julai

Nimepanda lifti! Mwenze alisimama nje, mimi na kitanda kitupu ndani. Milango ikafungwa, moyo ukaanza, nikauambia, nakujua, wewe ni wa kwenye kilima. Haukunyamaza, lakini haukunishinda. Nilipotoka ghorofani, Mwenze alikuwa ameshapanda ngazi mbio, ananingoja akihema kuliko mimi. Alhamdulillahi, mara nyingi kadiri ya ngazi za hospitali ile.

Ijumaa 25 Julai

Lifti na mgonjwa. Ameniuliza kwa nini natabasamu.

Jumanne 12 Agosti

Joto limekuja kwa ghafla, joto la kweli, Wabelgiji wanalala uchi kwenye nyasi za bustani na mimi nimepata kisingizio. Joto, wageni kutoka Uholanzi, mambo ya harusi, marundo ya vyombo sebuleni. Zaidi ya wiki sijatoka. Na ona: usiku wa jana nimeamka kifua kimebana, asubuhi sikutaka kuingia kwenye lifti. Nilidhani hofu imehama, kumbe ilikuwa inangoja nikae.

Riziki ndiye aliyenitupia viatu. Yeye asiyeamini! "Toka," akasema. "Wageni nitawapikia mimi. Wewe bila kukimbia hautufai." Nimetoka alfajiri kabla ya joto. Mudathir alikuwa benchini peke yake, anasema amekuja kila siku kuningoja. Niliona aibu, nikaona furaha pia.

Alhamisi 21 Agosti

Kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, Amira na Jamal wameshaandikishwa ndoa, saini zimepigwa. Bado Jumamosi.

Jumapili 24 Agosti

Nyumba imenyamaza, Riziki amepata lepe la usingizi wa mchana, naandika ya jana nikiwa bado naisikia mwilini.

Alfajiri tulitembea, mimi na Mudathir na Mwenze, polepole. Saa ya kuachana Mudathir alinitengeneza kola ya shati la mazoezi kana kwamba ndilo nitakalovaa nikimwoza Amira. "Mimi nitakaa shahidi," akasema. "Nyuma yako. Ila sisemi kitu mimi, useme wewe."

Ukumbi wa Evere upo chini ya jengo, unashuka ngazi, hauna dirisha hata moja. Hilo hakuna aliyeniambia. Joto la nje lilikuwa kali, la ndani lilikuwa na udi, pilau na jasho la watu wote niliowahi kuwafahamu. Wanaume mbele, pazia katikati, wanawake na bi harusi nyuma ya pazia. Wakafunga mlango kwa sababu ya watoto waliokuwa wanapiga kelele nje. Niliusikia ukifungwa.

Sheikh akatukalisha, mimi na Jamal, magoti yakigusana. Akachukua mkono wangu wa kulia akauweka kwenye mkono wa Jamal, akafunika na kitambaa cheupe. Akasoma hotuba. Katikati ya hotuba ikanijia. Haikuja kidogo. Ilikuja yote, ya lifti na ya handaki na ya lori, masikio yakavuma, nikaona watu wamekuwa mbali. Sheikh akamaliza, akanigeukia: sema, "Nimekuozesha." Nikafungua mdomo, pakatoka hewa tu.

Nikanyamaza. Nikajisemea, acha upige, umepanda kilima. Nikatoa pumzi polepole, ndefu, nikavuta nyingine. Na hapo, moyo wangu ulipopungua kidogo, ndipo nikasikia kitu chini ya kitambaa. Vidole vyangu vilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa Jamal, na mshipa wake ulikuwa unakwenda mbio. Mbio kuliko zangu! Mkono wake wa baridi, umelowa. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Kijana ana midomo mikavu, macho yamemtoka, anakodolea shingo yangu kama mtu anayezama. Wiki zote hizi nimejiwaza mwenyewe tu, sikukumbuka hata siku moja kwamba mkono wa pili utakuwa wa mtu.

Nikamwinamia, nikasema taratibu, asikie yeye peke yake: "Mwanangu, pumua. Sina haraka, nakungoja."

Akapumua. Nikapumua naye. Watu walikohoa, mtu mmoja akauliza kuna nini, na nyuma yangu nikamsikia Mudathir akisema "Shh" kwa ukali. Nilingoja mpaka mshipa ule ulipotulia chini ya kidole changu. Ndipo nikasema, na sauti ikatoka nzima, mpaka nyuma ya pazia: "Jamal, nimekuozesha binti yangu Amira, kwa mahari mliyokubaliana." Na yeye akajibu vizuri kabisa, bila kukwama.

Vigelegele vilipasua dari. Mudathir alinibusu kichwani akanilowesha kwa machozi, yule mtu wa kunyoosha. Mwenze, aliyevaa tai kwa heshima yetu, alikuwa anapiga makofi peke yake kama yuko uwanja wa mpira.

Baadaye waliniruhusu kuingia upande wa wanawake kumwombea dua binti yangu. Riziki alikuwa na macho mekundu. Akaniambia kwamba niliponyamaza pale, wanawake wote walishika vifua. Wengine walisema ameanguka, mtu akamwite Mudathir amalizie. Yeye mwenyewe alishasimama kuvuka pazia.

"Ni huyu alinikamata nguo," akasema, akimwonyesha Amira.

Amira alikuwa amekaa na hina yake mpaka kwenye viwiko, mzuri mpaka nikashindwa kumtazama sawasawa. Akanishika mkono, ule ule wa kulia.

"Niliwaambia bakae chini," akasema. "Nikasema, muacheni papa. Anapumua."